Lenzi za haibridi kwa wenye keratokonasi: kuanzia vipimo mpaka kuitoa jichoni bila kuichana

Mtu akivaa haibridi, yaani lenzi ngumu katikati yenye sketi laini pembeni, kwa mara ya kwanza, hasa kama ametoka kuteseka na zile lenzi ngumu ndogo, neno la kwanza linalomtoka ni "mbona siisikii?" na papo hapo anaamua kwamba imemkaa. Hapo ndo wengi wanapoumia. Haibridi inaweza kukaa vibaya kabisa, imebana, machozi hayapiti chini yake, na we unaona raha tu, mpaka baada ya wiki kadhaa jicho linaanza kuwa jekundu kila jioni na hujui kwa nini. Kwa hiyo kwenye hatua zote hizi chini ukikumbuka kwamba kutoisikia lenzi sio ushahidi kwamba imekaa sawa, utakuwa umebeba karibu nusu ya kazi.

Unavaa nini hasa

Keratokonasi ni konea, ule ukuta angavu wa mbele ya jicho, kupungua unene na kuchomoza kwa mbele kama koni. Mara nyingi inaanza ujanani, miaka ya balehe au ya 20. Koni yenyewe haiko sawasawa, upande mmoja umeinuka kuliko mwingine, ndo maana miwani inafika mahali inashindwa, kwa sababu miwani inarekebisha mpindo uliopangika na huu haujapangika. Unaona herufi zina vivuli, taa ina mikia, na daktari anabadilisha kioo kimoja baada ya kingine hamna kinachobadilika.

Lenzi ngumu inatatua hilo kwa ujanja mmoja: haifuati umbo la konea. Inasimama na umbo lake, na ile nafasi iliyobaki kati yake na koni inajaa machozi, na machozi yanapindisha mwanga karibu sawa na konea, kwa hiyo ile milima na mabonde ya mbele inafichika na mwanga unaingia kana kwamba umepita kwenye uso laini. Shida ya lenzi ngumu ya kawaida ni kwamba ni ndogo, inatembea, kope inaigonga kila ukipepesa, na chembe ya vumbi ikiingia chini yake unalia barabarani.

Haibridi imechukua ile sehemu ngumu inayopitisha hewa ikaiweka katikati, alafu ikazungushiwa sketi laini kama ya lenzi laini za kawaida. Kwa mfano UltraHealth ya SynergEyes, ambayo ni maarufu kwa keratokonasi, sehemu ngumu ina upana wa milimita 8.5 na lenzi nzima milimita 14.5, kwa hiyo ukingo wake unaishia juu ya weupe wa jicho, kope haina cha kugonga. Ipo pia EyeBrid ya kampuni ya LCS ya Ufaransa yenye wazo hilo hilo.

Wazo lenyewe sio jipya. Miaka ya 1980 kulikuwa na Saturn, ikafuata SoftPerm, na zote zilipata sifa mbaya, zilikuwa zinachanika pale ngumu inapoungana na laini, zinabana, na oksijeni ilikuwa haipiti vizuri mpaka vimishipa vya damu vinaota kuingia kwenye konea. SynergEyes walikuja na kizazi kipya kilichoidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2005, na zilizofuata zikawekewa sketi ya silikoni haidrojeli, aina ya plastiki laini ambayo inapitisha hewa kuliko ile ya zamani. Naieleza hii historia kwa sababu utakutana na mtaalamu wa umri fulani atakwambia haibridi ni takataka, na mara nyingi anakumbuka SoftPerm. Ila pia usimpuuze moja kwa moja, maana shida zile zile mbili za kubana na kuchanika bado zipo, zimepungua tu.

Na kabla hatujaenda mbali: lenzi haizuii ugonjwa kuendelea. Hata ukiona 6/6 (uoni wa kawaida kabisa) ndani ya lenzi koni inaweza kuwa inaendelea kuchomoza huko chini. Kinachoimarisha konea ni kroslinkingi, ile ya matone ya riboflavini (vitamini B2) na mwanga wa UVA, na kama una umri mdogo au vipimo vinaonyesha koni inasonga, hiyo inatangulia, lenzi baadaye. Ukishafanyiwa subiri daktari akuruhusu kurudi kwenye lenzi, mara nyingi ni kati ya mwezi mmoja na mitatu kutegemea konea ilivyopona. Na acha kufikicha macho. Yaani acha kabisa, kama yanawasha kwa aleji tibu aleji.

Inakufaa au haikufai

Haibridi inafanya vizuri zaidi kwa koni ya kiwango kidogo hadi cha kati ambayo iko karibu na katikati ya konea. Kama umeshindwa lenzi ngumu kwa maumivu, au zinakudondoka ukicheza mpira, au unafanya kazi penye vumbi, una sababu nzuri ya kuijaribu.

Koni iliyoshuka sana chini, konea yenye makovu mengi, au koni kali kupita kiasi, hapo mara nyingi lenzi ya sklera ndo jibu, ile kubwa inayokaa kwenye weupe wa jicho bila kuigusa konea kabisa. Macho makavu sana pia, kwa sababu sketi ni laini na inahitaji unyevu, ikikauka inakaza. Na kama mikono inatetemeka au ncha za vidole zina shida, mwambie mtaalamu mapema, kwa sababu haibridi inatolewa kwa kubana na vidole na sio kila mtu anaweza.

Mtu asikuuzie haibridi kama "laini". Ni lenzi ngumu yenye sketi. Ukiingia na matarajio ya lenzi laini utachukia wiki ya kwanza.

Kabla ya vipimo

Acha kuvaa lenzi zako za sasa kwanza, kwa sababu lenzi inaikandamiza konea na ramani itakayotoka itakuwa ya uongo. Lenzi laini siku kadhaa zinatosha kwa wengi, ngumu inaweza kuhitaji wiki mbili au zaidi, uliza kliniki yako wanataka muda gani na ufuate. Najua hapa panauma maana bila lenzi huoni, hivyo panga jicho moja moja kama una kazi, wengi wanakubali hilo.

Kipimo chenyewe kinaitwa topografia, ramani ya rangi ya uso wa konea. Kama wana mashine ya tomografia ni bora zaidi kwa sababu inaonyesha na upande wa nyuma wa konea na unene wake. Omba nakala, kila mara, hata kama ni picha ya simu. Ramani ya mwaka huu ikilinganishwa na ya mwaka jana ndo itakayosema kama koni inasonga, na ukihama kliniki bila nakala unaanza sifuri.

Uliza maswali haya kabla hujalipa: wamewahi kufitisha (kupimia na kukalisha) haibridi kwa keratokonasi, sio kwa astigmatizimu ya kawaida tu, ule mpindo uliopangika? Wana seti ya lenzi za majaribio? Na ya tatu ambayo watu wanaisahau, bei inajumuisha kubadilisha lenzi mara ngapi kama ya kwanza haikukaa? Lenzi ya kwanza kutokaa ni jambo la kawaida kabisa, kwa hiyo kama hamna ruhusa ya kubadilisha utaishia kuvaa kitu kisichokufaa kwa sababu tu umeshakilipia.

Siku ya kujaribu lenzi

Lenzi za keratokonasi za aina hii zinachaguliwa kwa vitu viwili zaidi ya nguvu ya kuona. Cha kwanza ni kimo cha kuba, yaani sehemu ngumu imeinuka kiasi gani, kinaandikwa kwa mikroni (mikroni elfu moja ni milimita moja). Cha pili ni mpindo wa sketi: mkali, wa kati, au bapa. Kimo ndo kinaamua kama lenzi itaivuka ncha ya koni bila kuigusa, sketi ndo inaamua kama lenzi itapumua.

Mtaalamu ataweka lenzi ikiwa na rangi ya fluoresini, ile inayong'aa kijani kwenye mwanga wa bluu, na inatakiwa iwe ile ya molekuli kubwa kwa sababu ya kawaida inazama kwenye sketi na kuipaka rangi. Akiangalia kwa darubini, penye kijani pana machozi, penye weusi lenzi imegusa. Ncha ya koni ikionekana nyeusi, anapandisha kimo mpaka kijani kitande juu yake. Sasa usifurahie kimo kikubwa sana nacho, machozi yakiwa mengi mno chini ya lenzi mapovu ya hewa yanaingia, uoni unachafuka, na oksijeni inasafiri umbali mrefu zaidi kufika kwenye konea.

Alafu kaa. Usikubali kupimwa dakika mbili ukaambiwa sawa. Lenzi inazama kidogo kidogo baada ya kuvaliwa, kilichoonekana kina nafasi mwanzoni kinaweza kuwa kimegusa baadaye. Nusu saa ndo kiasi cha chini, na picha halisi utaipata ukirudi siku nyingine baada ya saa kadhaa za kuvaa.

Kitu cha kuomba kwa mdomo wako ni aangalie lenzi inavyocheza. Ukipepesa inatakiwa isogee kidogo sana, na akiisukuma kwa kope ya chini iteleze na kurudi. Lenzi isiyosogea kabisa imeshika kama glasi iliyofunikwa juu ya meza yenye maji, machozi ya chini hayabadilishwi na uchafu unabaki humo humo siku nzima. Na hiyo ndo lenzi ambayo wewe mvaaji utaisifia kwa raha, kwa sababu haisogei! Dawa yake kwa kawaida ni kubadilisha sketi iwe bapa zaidi. Kinyume chake, ukingo wa sketi ukijikunja au ukiinuka utausikia unachokonoa, hapo sketi inataka kuwa kali zaidi.

Mwisho ndo nguvu ya kuona, wanapima juu ya lenzi ikiwa jichoni. Kama bado kuna vivuli kidogo usishangae, upande wa nyuma wa konea nao umepinda na lenzi haiwezi kuuficha.

Kuivaa

Osha mikono kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato, suuza, kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Weka kioo kikiwa kimelala mezani, na ziba tundu la sinki kama uko bafuni.

Kagua lenzi kwanza kwenye mwanga. Angalia ule mstari wa duara pale ngumu inapokutana na laini, ukiona ufa hata mdogo, usivae. Angalia sketi haijageuka nje ndani.

Ishike kwa vidole vitatu, gumba, cha kwanza na cha kati, vikiwa vimeibeba kwa chini kama miguu ya kigoda. Ijaze salini (maji safi ya chumvi ya lenzi) isiyo na kemikali ya kuhifadhi mpaka pomoni. Inamisha uso uwe sambamba na meza kabisa, unaangalia chini moja kwa moja kwenye kioo, kidevu kifuani. Mkono mwingine uvute kope ya juu na vidole vya mkono wa lenzi vivute ya chini, alafu ilete lenzi juu taratibu mpaka maji yaguse jicho na uendelee, usisimame ukiisikia baridi, hapo ndo kila mtu anasimama na ndo povu linaingia. Achia kope ya chini kwanza, ya juu baadaye.

Inuka uangalie. Ukiona duara la kioo linacheza ndani ya jicho, au kuona kama kuna tone la maji mbele, ni povu. Toa, jaza upya, rudia. Usilazimishe kukaa nalo kwa kuamini litaondoka, litaikausha konea pale pale na kuiachia alama.

Kuitoa, pole pole hapa

Hii ndo sehemu inayochana lenzi na inayowakatisha watu tamaa, kwa hiyo ukiwa kliniki usiondoke mpaka umeitoa mwenyewe mbele yao, macho yote mawili, zaidi ya mara moja.

Siri ni vidole vikavu. Mikono safi lakini mikavu kabisa, maana sketi yenye maji kwenye kidole chenye maji haishikiki, unaishia kuikwaruza konea ukidhani lenzi ni telezi. Ila jicho lenyewe liwe na unyevu: tone moja au mawili ya salini au matone ya kulainisha, pepesa mara kadhaa, subiri dakika chache. Alafu angalia juu kidogo, weka kidole kwenye ukingo wa chini wa lenzi uone kama inasogea. Kama haisogei usianze kuibana, ongeza matone usubiri tena.

Ikisogea, shusha kope ya chini, shika kwa gumba na kidole cha shahada pale chini kabisa kwenye sketi, mahali palipo namba 6 kwenye uso wa saa ya ukutani, karibu na ukingo. Bana taratibu kama unavileta vidole pamoja. Sketi inajikunja, hewa inaingia, mshiko unaachia na lenzi inatoka. Kosa la kawaida ni kubana katikati kama lenzi laini. Katikati ni pagumu, hapabaniki, na nguvu yote inaenda kwenye ule muungano unaochanika. Kucha ziwe fupi, na utumie nyama ya kidole sio ncha.

Kile kifyonzi cha mpira cha kutolea lenzi ngumu na sklera usikitumie kwa haibridi isipokuwa aliyekufitisha amekufundisha mwenyewe, kinavuta katikati wakati sketi bado imeshika, na unajua kitakachotokea.

Sasa kama kila jioni lazima upiganie kuitoa, tatizo linaweza lisiwe mkono wako. Lenzi inayogoma kutoka kila siku ni lenzi inayobana, rudi kliniki uwaambie hivyo hivyo.

Usafi

Tumia dawa iliyoandikwa inafaa lenzi laini pia. Zile za lenzi ngumu tu, hasa zenye alkoholi, zinaharibu sketi. Sugua kwenye kiganja pande zote mbili, taratibu, usiikunje kupima uimara wake.

Wataalamu wengi wanapendelea hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa sababu haiachi kemikali kwenye lenzi. Ila hiyo lazima ikae kwenye kikopo chake chenye kile kidude cha kuizimua, angalau saa sita, na haiingii jichoni ikiwa mbichi, wala usiitumie kusuuza kabla ya kuvaa. Itaunguza kwelikweli. Kama nyumbani mna chupa zinazofanana, weka ya peroksaidi mbali na salini.

Maji ya bomba, ya kisima, ya kuchemsha, yote hapana, sio kwenye lenzi wala kwenye kikopo. Kuna kijidudu kinaitwa akanthamiba kinachoishi kwenye maji ya kawaida na maambukizi yake ya konea ni mabaya na magumu kutibu. Kwa hiyo hakuna kuoga nayo wala kuogelea. Na usilale nayo. Kikopo kibadilishe kila baada ya miezi mitatu au mapema, cha peroksaidi kila ukifungua chupa mpya.

Saa za kuvaa na kurudi kliniki

Siku ya kwanza vaa kwa muda wa saa nne hivi, alafu ongeza saa moja au mbili kila siku, mpaka ufike muda aliokupangia mtaalamu. Ukiwa na kiu ya kuona vizuri utatamani kuruka hatua, usiruke.

Siku ya kurudi kuangaliwa vaa lenzi mapema, ifikishe angalau saa nne jichoni kabla ya kufika. Ukiivalia mlangoni wanaangalia lenzi ambayo haijazama, watakwambia iko safi kwa nia njema kabisa na watakuwa wamekosea. Baada ya hapo aitoe aangalie konea tupu kwa rangi, kuna mambo yanaonekana lenzi ikiwa nje tu.

Mwenyewe nyumbani, ukishatoa lenzi jioni angalia kwenye kioo. Ukiona mviringo umejichora kwenye weupe wa jicho pale ukingo ulipokaa na haupotei haraka, imebana. Uoni ukiwa safi asubuhi na ukungu mchana, inaweza kuwa uchafu juu ya lenzi au oksijeni ndogo, na njia ya kujua ni kuitoa, kuisafisha na kuirudisha: ukungu ukiisha ilikuwa uchafu, ukibaki inaweza kuwa konea yenyewe imevimba. Mng'ao kuzunguka taa usiku mara nyingi ni mboni imepanuka mpaka karibu na ukingo wa sehemu ngumu, unapungua ukizoea au lenzi ikikaa katikati vizuri zaidi, ila wengine unabaki, na kama unaendesha gari usiku lipe uzito hilo kabla hujaamua.

Maumivu, mwanga kukuchoma, usaha, doa jeupe kwenye konea, au uoni kushuka ghafla: toa lenzi na uende hospitali ya macho siku hiyo hiyo, nenda na lenzi na kikopo chake. Kwa mwenye keratokonasi kuona ghafla ukungu mweupe na maumivu inaweza kuwa konea imepasuka kwa ndani na maji yameingia, na hiyo haihusiani na usafi wako, ila nayo haisubiri.

Haibridi nyingi zinabadilishwa kila baada ya miezi sita. Usiivute mwaka kwa sababu bado unaona, sketi inachoka kabla ya sehemu ngumu, inakaza polepole na hutahisi. Ukiagiza mpya agiza kabla ya ile kuisha muda, na kama ramani ya konea imebadilika tangu mara ya mwisho, usirudie namba zile zile, anza tena na seti ya majaribio. Alafu tunza miwani yako hata kama ni ya nguvu kidogo na unaona nayo nusu nusu, kwa sababu siku jicho likigoma lenzi utahitaji kitu cha kukufikisha kliniki.